Kabla ya Kumwacha Daktari wa Farasi

Farasi akifa usiku, kufikia saa mbili asubuhi daktari wake ameshahukumiwa. Mwenye farasi hajalala, saisi hajalala, nyasi za bandani zimevurugika pale mnyama alipogaagaa, na swali lililobaki ni moja: je, daktari huyu akanyage hapa tena? Wengi hulijibu papo hapo, na hulijibu kwa kuutazama mzoga. Nadhani huo ndio ushahidi hafifu kuliko wote walio nao. Kufa kwa mnyama hakuthibitishi kwamba daktari ni mbaya, wala kupona kwake hakuthibitishi kwamba ni mzuri. Cha kupimwa ni namna daktari alivyofikiri usiku ule kwa yale aliyoweza kuyajua usiku ule, na namna anavyojibu akiulizwa mchana. Kubadilisha daktari ni haki ya mwenye mnyama na haihitaji ruhusa ya mtu. Lakini anayeitumia haki hiyo kwa sababu isiyo na mashiko anaweza kumwacha daktari aliyefanya kazi yake sawasawa na kumkimbilia mwingine ambaye usiku wake mbaya haujafika.

Hasira ya kufiwa na farasi ina historia ya kutisha katika upande wetu huu wa dunia. Mwaka 1569 Mreno Francisco Barreto aliondoka Lisbon na jeshi lililotumwa kuiteka migodi ya dhahabu ya ufalme wa Mutapa. Walipopiga kambi Sena, kando ya mto Zambezi, farasi wao walianza kufa, na askari nao wakawa wanakufa. Padre Monclaro, Mjesuiti aliyefuatana na msafara huo na kuandika habari zake, aliamini kwamba Waislamu wa Sena, wafanyabiashara wa ukoo wa pwani waliokuwa wamekaa hapo tangu kabla ya Wareno, ndio waliotia sumu. Barreto akaamuru wauawe, na waliuawa kwa ukatili mkubwa. Wanahistoria wa leo hawaoni sumu pale. Kwa farasi wanataja nagana inayoletwa na mbung'o, na kwa watu wanataja malaria. Ilibidi ipite zaidi ya miaka mia tatu ndipo David Bruce, akiwa Zululand katika miaka ya 1890, aonyeshe kwamba nagana huletwa na vijidudu vya damu vinavyoenezwa na mbung'o. Simfananishi mwenye farasi wa Karen au Nanyuki, nchini Kenya, na Barreto, Mungu apishe mbali. Nachukua jambo moja tu katika kisa kile: mnyama wa thamani anakufa mbele ya macho ya watu, sababu imejificha ndani ya mwili wake, na lawama inamwangukia aliye karibu. Kule Sena walitafuta mtia sumu. Katika banda la farasi la zama zetu, aliye karibu kuliko wote ni daktari, kwa kuwa mikono yake ndiyo iliyokuwa juu ya mnyama.

Tabia hii imepimwa. Jonathan Baron na John Hershey, katika utafiti waliouchapisha mwaka 1988, waliwapa watu visa vya maamuzi, vikiwamo vya kitabibu, na kuwaomba wayapime. Uamuzi ulikuwa uleule na taarifa alizokuwa nazo mwamuzi zilikuwa zilezile. Kilichobadilishwa ni mwisho wa kisa tu. Walioambiwa kwamba mambo yaliishia vizuri waliuona uamuzi kuwa wa busara zaidi kuliko walioambiwa kwamba yaliishia vibaya. Kwa farasi, kosa hili lina upande wa pili ambao husemwa kwa nadra. Msokoto wa tumbo ndio dharura inayowaamsha madaktari wa farasi kuliko nyingine yoyote, na wagonjwa wake wengi mno, zaidi ya wanane kati ya kumi, hupona kwa dawa ya maumivu, maji na subira. Wapo wanaopona hata gari la daktari halijaingia getini. Ni wachache ambao utumbo wao umejisokota hadi damu ikakatika, na hao wasipopasuliwa upesi hufa. Sasa tazama maana yake. Daktari mzembe, asiyepima chochote, anayechoma sindano moja na kurudi kulala, atakuwa na matokeo mazuri usiku baada ya usiku, pengine kwa miaka. Atasifiwa kwenye mashindano, namba yake itapeanwa. Sifa zake zitakuwa zimejengwa na farasi ambao wangepona hata asingefika. Siku atakapokutana na utumbo uliojinyonga, mwenye farasi atasema daktari amebadilika. Hakubadilika hata kidogo. Ni ugonjwa tu uliobadilika.

Upande mwingine wa mizani uko ugonjwa wa farasi wa Kiafrika, ambao ni mmojawapo wa sababu za farasi kuwa wachache tangu zamani katika sehemu kubwa ya nchi zetu. Virusi vyake huenezwa na visubi wanaouma jioni na alfajiri. Ugonjwa ukishika mapafu, farasi aliyeonekana mzima asubuhi anaweza kuwa ametoka povu puani na kufa kabla ya usiku wa manane, na asiye na kinga mara nyingi haponi. Hakuna dawa ya kuutibu. Daktari anayeitwa kwa farasi huyo hana la kufanya ila kupunguza mateso na kusema ukweli, naye atatoka pale akiwa na kifo mkononi. Anayemtimua kwa kifo hicho, na huku anamtunza yule mchoma sindano moja, amepanga mambo kichwa chini miguu juu. Kama kuna la kumuuliza daktari hapo, ni la miezi ya nyuma: je, alimkumbusha mwenye farasi habari ya chanjo kabla ya mvua, msimu visubi wanapoongezeka?

Basi kipi kitazamwe? Hapa ndipo pa kukaa, kwa sababu kinachofanywa usiku wa msokoto si siri ya wataalamu. Farasi aliyetulia moyo wake hupiga kati ya mara 28 na 44 kwa dakika. Ukizidi 60 na usishuke hata baada ya dawa ya maumivu, hali ni ya kutisha. Farasi hawezi kutapika. Chakula na maji vikirudi nyuma kutoka kwenye utumbo vinajaa tumboni mpaka tumbo lipasuke, na likipasuka ndio mwisho. Kwa hiyo daktari hupitisha mpira puani hadi tumboni, atazame kama kuna maji yanayorudi na kuyatoa. Hutia mkono kwenye njia ya haja kubwa kupapasa utumbo ulivyokaa, pale mnyama na mazingira yanaporuhusu. Husikiliza ubavu pande zote mbili, huangalia rangi ya ufizi. Halafu hufanya jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko yote, ingawa halihitaji kifaa chochote: humwachia mwenye farasi mpango. Dawa ya maumivu inaweza kuficha ugonjwa unaoendelea chini yake, ikamfanya farasi asimame kwa utulivu saa kadhaa huku utumbo unakufa. Daktari anayejua hivyo haondoki kwa kusema tu atapona. Anasema maumivu yakirudi kabla ya saa kumi nipigie, asipokunya kufikia alfajiri nipigie, moyo ukifika kiwango hiki tusisubiri tena, tumpeleke hospitali ya rufaa. Na kama upasuaji hauwezekani, kwa fedha au kwa umbali, tukubaliane sasa ni dalili gani itakayotufanya tummalizie mateso. Daktari aliyefanya haya na farasi akafa, sioni sababu ya kumwacha. Ambaye hakufanya hata moja na farasi akapona, ningeanza kutafuta mwingine wiki hiyohiyo, wakati kila mtu bado ana furaha.

Mtu atasema: mimi si daktari, nitajuaje kama mkono ulitiwa ipasavyo au mpira ulipaswa kupitishwa? Pingamizi hili ni la haki, na jibu lake lipo kwenye karatasi. Omba maelezo ya matibabu yaliyoandikwa: saa ya kufika, vipimo, dawa na kipimo chake, maagizo yaliyoachwa. Maandishi hayo hayamdai mwenye farasi awe mtaalamu. Karatasi yenye mapigo ya moyo yaliyopimwa mara tatu kwa saa tofauti inajieleza yenyewe, na yenye jina la dawa na bei tu inajieleza pia. Palipo na utata, daktari mwingine anaweza kuombwa aisome kwa ada, kabla ya uamuzi, wala si baada ya kuhama kama mtu anayetafuta wa kumuunga mkono. Nikiri kwamba madaktari hawapendi kusemana, na hilo lina ubaya wake, ila mtu akisoma karatasi ya mwenzake na kusema wazi kwamba hata yeye angefanya vivyo hivyo, maneno hayo yana thamani.

Baada ya karatasi yanakuja mazungumzo, na hapa nataka kuwa mwangalifu, kwa sababu mazungumzo hudanganya. Wendy Levinson na wenzake walichapisha mwaka 1997 utafiti kuhusu madaktari wa binadamu huko Marekani. Miongoni mwa madaktari wa huduma za msingi, wale ambao hawakuwahi kudaiwa mahakamani walikaa na kila mgonjwa dakika kama tatu zaidi, walicheka zaidi, walimwuliza zaidi anaonaje. Kwa madaktari wa upasuaji tofauti hizo hazikuonekana. Wengi husoma matokeo hayo kama sifa ya upole. Mimi naona pia onyo: yawezekana watu humsamehe daktari kwa ulimi wake hata pale mikono yake haikustahili, na humshtaki mkali ambaye mikono yake ilikuwa safi. Daktari aliyekesha, akafika na tope mpaka magotini, akajibu kwa mkato saa tisa usiku, hajawa mbumbumbu kwa sababu hiyo. Kwa hiyo katika mazungumzo ya mchana sisikilizi kama sauti ina huruma. Nasikiliza kama kuna kitu ndani yake. Je, anaweza kueleza alidhani ugonjwa ni nini, na ni nini kilichomfanya adhani hivyo? Je, anataja kitu ambacho angekifanya kwa namna nyingine? Anayesema hakuna, kila kitu kilikuwa sawa, huku karatasi yake haina vipimo, ameshajibu swali la kuhama au kubaki.

Kuna wanaoona kinyume: daktari akikiri kwamba alichelewa kushauri rufaa, si amejitia kitanzi mwenyewe, na si hiyo sababu tosha ya kumwacha? Nasema hapana, kwa kuwa mtu anayeficha kosa atalirudia, na farasi atakayelipa ni wa kesho. Hospitali za Chuo Kikuu cha Michigan zilianza mwaka 2001 kuwaeleza wagonjwa makosa waziwazi na kutoa fidia bila kungoja kesi. Mawakili wangetarajia mafuriko ya madai. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba madai mapya yalipungua. Wagonjwa wale hawakuwa wajinga; inaelekea walichokuwa wanakitaka tangu mwanzo ni kuelezwa kilichotokea na kuhakikishiwa kwamba hakitatokea tena. Sioni kwa nini mwenye farasi awe tofauti. Kosa moja lililokiriwa na kufuatwa na mabadiliko halisi, kwa mfano zamu mpya, au kanuni ya kupiga simu ya ufuatiliaji kila baada ya saa mbili, kwangu ni hoja ya kubaki. Kosa lilelile likirudi mara ya pili baada ya maungamo mazuri, hapo maungamo nayo yamekuwa sehemu ya tatizo.

Lakini je, kama hakuja kabisa? Simu ililia, haikupokelewa, au ilipokelewa na mtu akasema hakuna wa kutoka. Hili ni jambo jingine, na lisichanganywe na uamuzi mbaya uliofanywa kando ya mnyama. Nchini Uingereza, kanuni za maadili za Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Mifugo zinamtaka daktari aliye kazini achukue hatua kuhakikisha huduma ya kwanza ya dharura na kutuliza maumivu vinapatikana saa 24. Hazimtaki awe macho yeye mwenyewe kila usiku; zinataka pawe na mpangilio. Huko Marekani mpangilio huo unazidi kuwa mgumu. Chama cha madaktari wa farasi cha nchi hiyo kilitangaza kwamba ni takriban asilimia 1.3 tu ya wahitimu wapya wa udaktari wa mifugo waliokuwa wakiingia moja kwa moja kwenye kazi ya farasi, asilimia 4.5 nyingine walikuwa wakiingia mafunzo ya vitendo ya farasi, na nusu ya walioingia walikuwa wakiiacha kazi hiyo ndani ya miaka mitano. Mwaka 2022 kiliunda tume ya kushughulikia tatizo hilo. Zamu za usiku ni mojawapo ya sababu kubwa zinazotajwa. Madaktari wenzao wa mbwa na paka wanalipwa vizuri zaidi na wanalala. Uhaba huu hutumiwa kama kinga: ukimwacha huyu, utampata nani? Ni kweli unapandisha gharama ya kuhama, kwani vituo vingi huwahudumia usiku wateja wao wa kawaida tu, na anayehama kwa hasira bila kuandikishwa kwingine anaweza kujikuta hana hata mmoja. Lakini uhaba haumruhusu daktari kunyamaza. Asiyeweza kutoka usiku anaweza kusema hivyo mchana, kwa maandishi, na kutaja atakayetoka badala yake. Ninachokihesabu kuwa kosa ni kumwacha mteja agundue saa nane usiku kwamba namba aliyopewa haina mtu.

Kabla ya kufunga hesabu, mwenye farasi naye ajiweke mezani. Alimwona farasi akijitazama ubavuni na kupiga kwato chini saa kumi na moja jioni, akapiga simu saa ngapi? Gari la kumbebea lilikuwa zima, na farasi alishafundishwa kupanda bila vita? Uamuzi wa upasuaji, ambao ni wa fedha nyingi, ulishazungumzwa nyumbani, au uliachwa uamuliwe kando ya mnyama anayetoka jasho? Chama cha Farasi cha Uingereza na Chuo Kikuu cha Nottingham vilianzisha kampeni nzima ya kuwafundisha wenye farasi kutambua msokoto mapema na kuwa na mpango tayari, kwa sababu saa zinazopotea kabla ya simu hazirudishwi na daktari yeyote. Hili halimwondolei daktari wajibu wake. Linasaidia tu kujua ni saa zipi za usiku ule zilikuwa zake. Na umbali usisahaulike: mwenye farasi wa Newmarket, Uingereza, ana hospitali kubwa za farasi mlangoni pake, na kumpima daktari wa Laikipia kwa kipimo cha Newmarket ni kumwonea.

Wapo ambao swali la kubadilisha halina maana kwao, kwa kuwa daktari ni mmoja. Kisiwani Lamu, ambako punda ndio wabebaji wa mizigo, zahanati ya bure ya punda ilianzishwa mwaka 1987 na shirika la hisani la Uingereza. Mahali pa namna hiyo swali linageuka: huyu tuliye naye atufae vipi zaidi? Na kwa punda lina ugumu wake, maana punda mwenye msokoto hagaagai kama farasi. Husimama kimya, kichwa chini, hali chakula, na asiyemjua hudhani amechoka. Mwenye punda anayemwona kila siku ana taarifa ambayo daktari hana, lakini anayetibiwa bure huona haya kudai au kulalamika. Haya hiyo ingefaa iondolewe na watoa huduma wenyewe, kwa kuuliza kabla hawajaambiwa.

Malalamiko rasmi nayo yana mahali pake, kwa Bodi ya Madaktari wa Mifugo Kenya au Baraza la Veterinari Tanzania, na ni suala tofauti na kuhama. Mtu anaweza kuhama bila kulalamika na kulalamika bila kuhama. Jambo moja tu sina subira nalo, na hapo sihitaji karatasi wala mazungumzo marefu: mnyama kuachwa na maumivu makali bila dawa na bila sindano ya mwisho, ilhali daktari alikuwapo na vyote viwili vilikuwa kwenye gari lake. Kwa mengine yote, anayehama atangulize kumpata anayemwendea, aombe maelezo ya matibabu yahamishwe, na amwambie yule wa kwanza sababu kwa maneno machache yasiyo matusi, kwani huenda wakakutana tena usiku mwingine kwa zamu. Huyo mpya aulizwe mapema, farasi akiwa mzima na anakula: usiku wa Jumapili simu yangu itapokelewa na nani, atafika kwa muda gani, na asipoweza atampigia nani? Daktari atakayejibu kwamba baada ya saa nne usiku hafiki upande ule, na akataja jina na namba ya anayefika, huenda asipendeze kusikiliza. Lakini amesema mapema kile ambacho wa kwanza alikiacha kigundulike usiku, na mwenye farasi anaweza kuipiga namba hiyo ya pili kesho yake mchana, aone kama inapokelewa.